Mketishe Kwanza, Ndipo Umlishe

Saa ya kuona wagonjwa ikifika, wodi zetu hujaa hotipoti na chupa za chai. Ndugu wameamka alfajiri kukoroga uji wa mgonjwa, wameutia maziwa na siagi, wamepanda daladala wakiwa wameupakata. Mgonjwa amepata kiharusi juzi. Amelala chali, mdomo umekwenda upande, macho mazito. Binti yake anamwinua kichwa kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine anamtilia kijiko. "Meza, baba. Kidogo tu." Kijiko cha kwanza kinapita, cha pili kinamkohoza, cha tatu kinatokea kwenye pembe ya mdomo. Kinafutwa kwa khanga na kazi inaendelea mpaka kikombe kiishe. Siku ya tatu homa inapanda, pumzi inakuwa ya haraka, na daktari anaandika kwenye faili: nimonia.

Binti huyo alifanya kile ambacho kila mmoja wetu angefanya. Alifundishwa kwamba mgonjwa asipokula atakufa, na hakufundishwa kwamba mgonjwa anaweza pia kulishwa mapafu. Nawaandikia watu kama yeye: mama mwenye mtoto wa miezi minane, mjukuu anayemtunza bibi, shangazi aliyeachiwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, na kila mwenye kijiko mkononi mbele ya mtu asiyeweza kujilisha. Madhara makubwa ya kumeza hutokea nyumbani, kwa mikono ya watu wenye mapenzi, na mengi yanazuilika bila dawa yoyote.

Kabla ya mashauri, weka kidole kwenye kile kigumu kinachojitokeza mbele ya koo lako, kisha meza mate. Umesikia kimepanda na kushuka. Hilo ni zoloto, sanduku la sauti, na kule kupanda ndiko kunakoyaokoa maisha yako mamia ya mara kila siku. Koo ni njia panda: hewa na chakula vinapita mahali pamoja kabla ya kuachana, hewa ikienda mbele kwenye mapafu na chakula nyuma kwenye umio. Unapomeza, kwa muda wa takriban sekunde moja, pumzi husimama, kaakaa laini huinuka na kuziba njia ya puani, zoloto hupanda na kujificha chini ya shina la ulimi, kidakatonge huinama na kulifunika, nyuzi za sauti hubanana, na mlango wa umio, ambao wakati wote mwingine umefungwa, hufunguka. Misuli zaidi ya 30 inashiriki, ikiamrishwa na mishipa ya fahamu inayotoka moja kwa moja kwenye ubongo. Tonge likishaingia kwenye umio, ambao kwa mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 25, husukumwa hadi tumboni kwa sekunde 8 hadi 10 hivi, nawe hujui lolote.

Mtu anayesinzia, anayelia, anayecheka au anayehema kwa shida hawezi kupanga mambo yote hayo kwa wakati. Aliyeinua uso kutazama dari ananyoosha koo lake na kuiacha njia ya hewa wazi zaidi. Aliyelala chali anakipokea chakula kikiwa kimeshaanza kuteremka kabla koo halijajiandaa. Kwa hiyo mtu huketishwa kwanza, huamshwa akaamka kweli, shingo ikawa sawa na kidevu kikainama kidogo, ndipo kijiko kikaja.

Liko jambo moja ambalo watu hulikataa wakilisikia mara ya kwanza. Kwa mtu mwenye udhaifu wa koo, kinywaji cha hatari zaidi mara nyingi ni maji. Tumezoea kudhani maji hupita popote, na kweli hupita popote, hata njia ya mapafu. Yanateremka upesi na kufika kwenye zoloto kabla halijafungwa, wakati uji hujikokota na kulipa koo zito nafasi ya kufanya kazi yake. Lakini uji ukizidi uzito nao una shari yake, maana koo dhaifu halina nguvu ya kuusukuma wote. Unabaki umeganda kwenye kuta, na mgonjwa akishapumzika huteleza taratibu kuingia kwenye njia ya hewa. Uzito sahihi si wa kukisia. Nitaurudia mbele kidogo.

Nianze na walio wadogo.

Mtoto huanza kumeza akiwa bado tumboni, akimeza maji ya uzazi. Kilicho kigumu baada ya kuzaliwa ni kuunganisha kunyonya, kumeza na kupumua, na uwezo huo hukomaa karibu na wiki ya 34 ya mimba. Njiti aliyezaliwa kabla ya hapo akilishwa kwa mpira hospitalini, mama asione kwamba mtoto wake amenyimwa haki. Anasubiriwa akomae.

Mtoto aliyetimiza miezi naye ana dalili zake. Akitokwa povu na mate mfululizo tangu siku ya kwanza, akapaliwa na kubadilika rangi kila anapojaribu kunyonya, huenda umio wake uliziba tangu kuumbwa. Huyo asipewe chochote mdomoni, apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Maziwa yakimtokea puani mara kwa mara, mwombe muuguzi aangalie kaakaa kwa tochi hadi nyuma kabisa na kulipapasa kwa kidole, kwa sababu mpasuko wa kaakaa unaweza kuwepo hata kama mdomo wa juu ni mzima. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuvuta titi vizuri, kwani hewa inavuja. Mama akamue maziwa, amkalishe wima na kumpa kwa kikombe kidogo au kijiko, polepole, huku akipanga upasuaji. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT imefanya upasuaji wa midomo na makaakaa kwa miaka mingi. Na mtoto anayetoka jasho jingi akinyonya, anayechoka na kulala baada ya dakika chache, au anayekuwa wa bluu kuzunguka midomo, apimwe moyo na mapafu. Msimwite mvivu.

Kwenye miezi sita huingia uji, na hapo ndipo nina maneno na wazazi. Wapo wanaopanua tundu la chuchu ya chupa kwa mkasi au sindano ya moto ili uji upite. Mtoto akivuta, uji humjia kwa wingi asioweza kuupangia pumzi. Uji ni wa bakuli na kijiko, mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kukimbia. Wapo pia wanaomlaza mtoto mapajani, mkono mmoja umembana mikono, mwingine umemshika pua ili afungue mdomo apumue, na uji humiminwa papo hapo. Najua inatoka wapi: hofu ya utapiamlo, kadi ya kliniki yenye mstari ulioshuka, mama mkwe anayeuliza kwa nini mtoto amekonda. Lakini aliyezibwa pua hana njia nyingine ya kuvuta hewa isipokuwa mdomo ule ule uliojaa uji, na anayelia anavuta pumzi kwa nguvu katikati ya kilio. Wengine hufia mapajani. Wanaopona hujifunza kwamba chakula ni adhabu, na mwezi unaofuata wanakikataa zaidi. Mtoto akigeuza uso, mpumzishe na urudi baadaye kwa kiasi kidogo. Akikataa kwa siku kadhaa, muone daktari: pengine ana vidonda mdomoni, fangasi, masikio yanauma, au kumeza kwenyewe kunamshinda.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kula kunaweza kuchukua saa nzima, na mama yake anastahili msaada wa ukoo mzima. Mwili wa mtoto uliokakamaa hujirusha nyuma, kichwa kinaangalia juu, na kijiko hutumbukizwa kutokea juu. Mgeuze. Mkalishe nyonga zikiwa zimekunjwa na miguu ikiwa na pa kukanyaga, kwenye kiti cha kona hata kama ni cha boksi gumu na nguo, kisha ukae mbele yake chini kidogo ya macho yake. Kijiko kije kutoka usawa wa kidevu, kiguse ulimi, kisubiri midomo ifunge. Usikwangue chakula kwenye meno ya juu. Ukiona mapafu yanamsumbua kila baada ya wiki chache, usiridhike na dawa za kikohozi peke yake. Mwambie daktari kwamba kikohozi huanza mezani.

Hapa lazima niseme kuhusu kimeo. Mtoto akikohoa muda mrefu au kutapika, bado wako watakaomshauri mama ampeleke kwa fundi akakatwe kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa. Kinyama hicho kila mtu anacho, na ni sehemu ya kaakaa laini linaloziba njia ya pua tunapomeza. Kukikata hakutibu kikohozi cha nimonia, wala pumu, wala kifua kikuu, wala maziwa yanayopanda kutoka tumboni. Kunachoweza kuleta ni damu isiyokatika, pepopunda, maambukizi ya damu kutoka kwenye kisu kilichotumiwa kwa wengine, na ucheleweshaji wa tiba ya ugonjwa wenyewe. Baadhi ya watoto hupelekwa hospitali wakati damu imeshawaishia. Bibi akishauri kimeo, mwambie kwa heshima kwamba kwanza kifua kipimwe.

Kuanzia mwaka mmoja hivi, mtoto hutia kila kitu mdomoni ilhali magego yake hayajatosha kusaga. Karanga, punje za mahindi, bisi na pipi ngumu zisubiri mpaka afike miaka minne au mitano. Karanga ikivutwa kwenye bomba la hewa hukaa pafuni, na mtoto hupumua kwa mluzi upande mmoja wa kifua huku akitibiwa pumu isiyokuwepo. Sarafu iliyokwama kwenye umio humfanya adondokwe mate na kukataa chakula, na picha ya eksirei huionyesha. Betri ndogo za mviringo, zile za rimoti, saa na midoli inayolia, hazingojwi mpaka kesho. Ikikwama kwenye umio huanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Mtoto akionekana kawaida kabisa, bado mwende usiku huo huo na kusema neno betri mlangoni.

Hatari nyingine imekaa uvunguni. Watengeneza sabuni za maji hununua kostiki soda, mafundi magari wana maji ya betri, na vyote huhifadhiwa kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hachagui. Akinywa, umio huungua, na ukipona huacha kovu linalobana njia, akaja kuhitaji kupanuliwa kwa vifaa maalumu mara nyingi katika maisha yake. Msimtapishe, kwa sababu kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Msuuze mdomo, beba chupa aliyoinywea, mwende. Kilicho bora ni kutokiweka kabisa kwenye chupa ya kinywaji.

Mtu akipaliwa mbele yako, msikilize kwanza. Anayekohoa kwa nguvu au kulia bado ana hewa. Muache akohoe, usimpe maji, usimtie kidole kooni kutafuta usichokiona. Asiyetoa sauti wala kukohoa ndiye wa kuokoa. Mtu mzima au mtoto aliyezidi mwaka mmoja, muinamishe mbele na umpige kwa kitako cha kiganja kati ya mabega mara 5. Kilichokwama kisipotoka, simama nyuma yake, funga ngumi juu ya kitovu na chini ya kifua, ishike kwa mkono wa pili, vuta kuelekea kwako na juu mara 5. Njia hii ya tumbo ilitangazwa na daktari Henry Heimlich wa Marekani mwaka 1974. Rudia zote mbili kwa zamu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hasukumwi tumbo: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara 5, mgeuze, mkandamize katikati ya kifua mara 5. Akipoteza fahamu, anza kumkandamiza kifua kama wa moyo uliosimama huku wenzako wakitafuta gari.

Watu wazima wenye afya hudhani habari hizi haziwahusu, mpaka mwiba wa samaki ukwame. Ushauri wa kila mtu mezani ni mmoja: meza tonge kubwa la ugali liusukume. Mara nyingine husaidia, na mara nyingine tonge huuzamisha mwiba ndani ya nyama, ukatoboa umio na kuleta usaha kifuani. Acha kula, nenda kituo chenye daktari wa masikio, pua na koo, autazame na kuutoa kwa koleo. Vidonge navyo vina adabu yake. Doksisaiklini, ambayo wengi wetu tumeimeza, ikimezwa kwa funda moja la maji usiku na mtu akajitupa kitandani, hubaki imegandia kwenye umio na kuuchimba kidonda. Kesho yake hata mate huuma. Meza dawa umekaa au umesimama, kwa glasi nzima ya maji, na ukae nusu saa kabla ya kulala.

Tatizo linaloendelea kwa wiki lina namna ya kujieleza, na namna hiyo ndiyo daktari anayoihitaji. Je, kinachokwama ni kigumu tu, yaani nyama na ugali, wakati uji unapita? Kuna kitu kinachobana njia. Je, kigumu na maji vyote vilianza kusumbua pamoja, na usiku chakula cha jana kinarudi kwenye mto wa kulalia? Huenda misuli ya umio na mlango wake wa chini haifanyi kazi, ugonjwa ambao watu huzunguka nao miaka wakipewa dawa za vidonda vya tumbo. Je, unakohoa papo hapo, au maji yanatokea puani? Tatizo liko kooni na kwenye mishipa ya fahamu. Je, kumeza kunauma kama kidonda, na ulimi una utando mweupe? Hao ni fangasi, nao wakifika kwenye umio ni dalili ya kinga iliyoshuka sana. Pima VVU bila kuchelewa. Fangasi wanatibika na VVU vinadhibitika.

Lile la kwanza, la kigumu kukwama, naliomba lisikiwe hasa. Mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya, Uganda na Tanzania mpaka Malawi na kusini zaidi, saratani ya umio ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Katika hospitali ya Tenwek, Bomet, madaktari wameiona hata kwa vijana wasiofika miaka 30. Inakuja kwa hatua: nyama inakwama, mtu anaacha nyama, ugali unakwama, anauteremsha kwa maji, kisha anabaki na uji, mkanda unaongezewa matundu, na ndipo anakwenda hospitali. Alishazoea mahali ambapo angepaswa kushtuka. Chakula kigumu kikikwama zaidi ya mara moja mbili, usibadilishe menyu. Omba kipimo cha kamera ya umio, hata kama itabidi kusafiri hadi hospitali ya kanda. Ikigundulika mapema kuna upasuaji, na ikichelewa bado kuna bomba la waya linalotandazwa ndani ya umio ili mtu aweze kula. Tenwek imewawekea wagonjwa wengi.

Na chai. Mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, IARC, uliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 za Selsiasi kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani ya umio. Mwaka mmoja kabla, watafiti walichapisha vipimo vya wanywaji chai wa Kilimanjaro: kwa wastani walianza kunywa ikiwa na nyuzi zaidi ya 70, na chai ya maziwa ilipoa polepole kuliko ya rangi. Simwambii mtu aache chai. Imimine, zungumza na mwenzako, ndipo unywe. Tumbaku na pombe zinaongeza hatari, tena kwa nguvu.

Sasa nirudi kwa yule baba wa wodini. Takriban nusu ya watu waliopata kiharusi hushindwa kumeza vizuri siku za mwanzo, na wengi wao hurudiwa na uwezo ndani ya wiki chache. Ni wiki hizo chache za kuvusha. Kanuni ya kwanza ni kwamba asipewe kitu mdomoni, hata maji, hata kidonge, mpaka mhudumu aliyefundishwa ampime kumeza. Muulizeni daktari wa zamu kwa maneno hayo hayo: "Amepimwa kumeza?"

Akiruhusiwa kula, kaa naye hivi. Mkao wa nyuzi 90, mito pande zote, uso ukitazama mbele. Nawe keti, anayelisha akiwa amesimama humfanya mgonjwa ainue uso. Zima redio, usimsemeshe akiwa na chakula mdomoni. Nusu kijiko cha chai, kwenye upande wa mdomo ulio mzima. Tazama koo: zoloto likipanda na kushuka amemeza, lisipopanda, kijiko cha pili hakiji. Kila baada ya vijiko vichache mwambie aseme "aaa". Sauti ikiwa na majimaji, kana kwamba anagugumia, kuna kitu juu ya nyuzi zake za sauti. Mwambie akohoe na ameze tena kikavu. Angalia ndani ya shavu lililopooza, maana chakula hujificha humo, na asichokihisi hawezi kukitema. Akichoka, simamisha, hata kama bakuli limebaki nusu. Milo sita midogo ni bora kuliko mitatu mikubwa. Baada ya kula asilale kabla ya nusu saa.

Wala usitegemee kikohozi kukupa taarifa. Baadhi ya wagonjwa huingiza chakula mapafuni bila kukohoa hata kidogo, kwa kuwa koo limekufa ganzi. Homa za jioni zisizoeleweka, kukonda, kohozi jingi baada ya mlo, na nimonia inayojirudia ndizo dalili zao.

Kuhusu uzito wa uji, kuna vipimo vya kimataifa viitwavyo IDDSI, vyenye ngazi 0 hadi 7, na kimojawapo kinafanyika jikoni. Chukua bomba la sindano la mililita 10, ambalo umbali kutoka alama ya 0 hadi ya 10 ni milimita 61.5. Toa kisukumio, ziba ncha kwa kidole, mimina uji hadi 10, achia kwa sekunde 10, kisha ziba. Ikibaki chini ya mililita 1, ni maji. Ikibaki 1 hadi 4, ni mzito kidogo. 4 hadi 8, mzito wa wastani wa chini. Zaidi ya 8, mzito hasa. Mtaalamu atakuambia ngazi ya mgonjwa wako, nawe utaikoroga hiyo hiyo kila siku. Pima uji ukiwa kwenye joto la kuliwa, kwa sababu ukipoa huganda. Na usilishe moja kwa moja kutoka kwenye hotipoti: kijiko kilichotoka mdomoni hubeba mate, na mate huyeyusha wanga, hata uji uliokuwa mzito ukawa maji kabla hujafika katikati. Gawa kwenye kibakuli.

Kinachosahauliwa kuliko vyote ni mswaki. Wagonjwa wasiokula huachwa bila kusafishwa kinywa, kwa hoja kwamba hawajala kitu. Mate hayaachi kumezwa, na mate ya kinywa kichafu yakiingia mapafuni huingia na vijidudu vyake. Susan Langmore na wenzake nchini Marekani walionyesha mwaka 1998 kwamba kati ya mambo yaliyotabiri nimonia ya namna hii yalikuwamo meno yaliyooza, kushindwa kujisafisha kinywa na kutegemea kulishwa na mtu mwingine. Mswaki laini mara mbili kwa siku, ulimi pia, akiwa ameketi. Meno ya bandia yatolewe usiku yaoshwe.

Dawa za kusaga zina mtego. Vidonge vinavyotoa dawa polepole, kama nifedipine ya presha ya kumeza mara moja kwa siku, vikisagwa humwaga dozi ya siku nzima kwa mkupuo, na presha inaweza kuporomoka. Kabla ya kusaga chochote muulize mfamasia kama kuna ya maji au aina nyingine.

Uzee wenyewe hupunguza kasi ya kumeza, lakini haumfanyi mtu apaliwe kila mlo. Babu akianza kukohoa chai, apimwe. Pengine ni ugonjwa wa Parkinson, pengine kiharusi kidogo kilichopita kimya, pengine dawa zinazokausha mate. Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau uliofika mbali ni tofauti. Atashika chakula mdomoni akisahau kukimeza, na hatimaye atafunga mdomo. Tafiti za wagonjwa wa hatua hiyo hazikuonyesha kwamba mpira wa kulishia unawaongezea maisha au kuwakinga na nimonia, na wengi huung'oa. Kinachobaki ni vijiko vidogo vya anachokipenda, akiwa macho, na kumlowesha midomo. Familia zisijihukumu, wala jirani asiseme kwamba mama ameachwa na njaa. Mwili unaoaga huacha kuomba chakula.

Kwa aliyepata kiharusi, kinyume chake, mpira wa puani ni daraja, na ndugu wasiukatae kwa kudhani umeletwa kwa sababu ya kukata tamaa. Anyanyuliwe kichwa cha kitanda kila anapolishwa, na kila mara mhakikishe alama kwenye mpira haijasogea puani. Ukichomoka nyumbani, msiurudishe wenyewe.

Wataalamu wa tiba ya usemi, ambao ndio waliosomea pia kumeza, ni wachache katika ukanda huu. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008. Hospitali za rufaa ndipo pa kuwaulizia, na wasipokuwepo, muuguzi, mtaalamu wa lishe na wa fiziotherapia wanaweza kufundisha mengi niliyoyataja. Siku mnayoruhusiwa kutoka, kabla ya kulipia gari, mwombeni mmoja wao awatazame mkimlisha mgonjwa wenu mlo mzima pale pale kitandani, kisha mwandike kwenye karatasi: mkao gani, uzito gani wa uji, dawa zipi zisisagwe, na tarehe ya kupimwa kumeza tena. Karatasi hiyo ibandikwe jikoni, ili na dada wa kazi, na shemeji wa zamu ya usiku, wote wamlishe kwa namna moja.